Mshahara wa Sitara

Wiki iliyopita niliwasimulia nilivyourudisha mfuko wa futari mbele ya msikiti mzima pale Mayfair, na najua mpo mlionisifu mkasema huyo ndiye mwanamume. Leo nimekuja kuungama, na sifa zenu mtazichukua wenyewe.

Kwa aliyenikuta njiani, naitwa Ishaka, mtoto wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa hapa Johannesburg. Miaka kumi na moja kati ya hiyo nilikata vitambaa kwenye karakana ya sare za shule, Doornfontein. Novemba tajiri akaifunga karakana, akatugawia barua, akatutakia maisha mema. Tangu siku hiyo mimi, mke wangu Ummi na binti yetu Yasmin tunaishi kwa UIF, yaani zile fedha wanazolipwa waliopoteza kazi.

Hizo fedha ndizo zilizonipa kiburi, na sababu yake ni hii. UIF si sadaka. Miaka kumi na moja walinikata kwenye mshahara kila mwezi, nikanuna, na mwezi uliofuata wakanikata tena. Zilipoanza kurudi nilijiambia nakula jasho langu mwenyewe. Hazikufika hata nusu ya mshahara, lakini hakuna aliyekuwa na haki ya kuniuliza nimezitoa wapi.

Ndiyo maana Ramadhani iliyopita, vijana wa msikiti waliposoma jina langu kwenye orodha ya wenye shida, niliona wamenivua nguo hadharani. Niliwaambia kwa sauti, ili na aliyekaa nyuma kabisa asikie, kwamba Ishaka hali sadaka angali na mikono miwili. Nikauweka mfuko chini na mchele wake na tende zake, nikaenda zangu kifua mbele.

UIF walikuwa na sharti moja tu. Kila mwezi nithibitishe kwenye simu kwamba bado sina kazi. Nami kila mwezi nilithibitisha, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Juni, tarehe ya malipo ilifika na fedha hazikuingia. Siku ya pili hazikuingia. Siku ya tatu nikaanza kuishika simu kila dakika. Ummi akaniambia nisubiri, huenda ni mtandao, huku akipangua vyombo ambavyo alishavipanga. Wakati ule sikulitilia maanani.

Jumanne nikaenda ofisi ya kazi. Nilifika kabla hawajafungua, baridi ya Juni inakata masikio, nikakuta foleni imeshazunguka kona. Mbele yangu alikuwa Hénock, mtu wa Lubumbashi, mlinzi wa zamani wa maduka, ambaye tulizoeana kwenye foleni hiyohiyo. Nikamweleza yaliyonisibu. Hakuonekana kunihurumia.

"Mukubwa, weye hauna problème," alisema. "Bibi yako anajuaka kupika na franga kidogo. Weye mwenyewe unasemaka kila siku."

Na kweli nilikuwa nasema. Nilijisifu kwake na kwa kila aliyekuwa na masikio kwamba nyumbani kwangu nyama haijakosekana kwa sababu nimeoa mwanamke anayejua kubana matumizi. Wenzangu wanalia, mimi nacheka, kwa kuwa nina Ummi. Hénock alikuwa na watoto wanne wa kulisha.

Zamu yangu ilifika karibu na adhuhuri. Dirishani alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Nomsa, mtaratibu, asiyepandisha sauti. Alichukua kitambulisho changu, akabonyeza mashine yake. Akabonyeza tena.

"Baba," aliniambia, maana huku kila mwanamume mtu mzima ni baba, "mbona wewe unafanya kazi?"

Nikacheka. Nikamwambia ningekuwa na kazi nisingeamka alfajiri kuja kumtazama yeye. Hakucheka. Aliigeuza mashine ili nisome mwenyewe.

Jina langu lilikuwa pale, na nambari yangu ya kitambulisho, yote sawasawa. Cheo, mtunza stoo. Tangu Machi. Mwajiri, duka la vitambaa la Fordsburg, na jina la mwenye duka nililijua kabla sijamaliza kulisoma. Khatibu.

 Nilimwambia Nomsa huo ni uongo mtupu, duka hilo sijawahi kufanya kazi hata siku moja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akanieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kuwaeleza wengi. Mwajiri amepeleka jina langu miezi mitatu mfululizo, na mshahara, na makato. Miezi hiyohiyo mitatu mimi nimethibitisha kwamba sina kazi. Kwa hiyo malipo yamesimamishwa.

"Ijumaa saa nne uje na maelezo ya kiapo, yenye muhuri wa polisi," alisema. "Kama ulikuwa unafanya kazi, umekula fedha zisizo zako, utazirudisha, na kama utashitakiwa si mimi ninayeamua. Kama hukuwa unafanya kazi, basi mwajiri ametudanganya, na wakaguzi watamwendea yeye."

Niliondoka pale nikashika njia ya Fordsburg. Mimi, niliyekataa hata tende ya bure, nimeandikwa mwizi serikalini.

Sasa Khatibu ni nani. Khatibu ni mtu wa Unguja, tuliingia mji huu mwaka mmoja, tukalala godoro moja Doornfontein mwaka na nusu. Yeye akiuza soksi barabarani, mimi nikiwa nimeshaanza kushika mkasi kwa fundi mmoja. Mimi ndiye niliyemfundisha kutambua pamba kwa kuisugua kati ya vidole, na leo yeye ana duka la milango miwili na wafanyakazi wanne, mimi nina nambari ya foleni. Mwezi wa Februari aliwahi kunidokeza kwamba stoo yake inahitaji mtu mzima anayejua vitambaa. Nilimjibu mbele ya watu kuwa sitatumwa na mtu niliyegawana naye blanketi. Hakulirudia tena.

Niliingia dukani kwake bila salamu. Alikuwa anampimia mama mmoja wa Kihindi kitambaa cha mapazia, mita mkononi. Nikamwita mwizi. Nikamwambia amelitia jina langu kwenye vitabu vyake ili apunguze kodi, amenitia mchanga kwenye kitumbua changu, na kama alikuwa na dhiki angekuja tu kuniomba, na sasa Ijumaa saa nne natakiwa na kiapo ofisi ya kazi. Wafanyakazi wake waliacha kazi. Yule mama akakiachia kitambaa chake juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili.

Khatibu ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo hakutumia hata moja kujitetea. Alinisihi tuingie ndani, nikakataa. Akasema nikae, nikakataa. Nikamtukana tena, na tusi lile silirudii hapa kwa kuwa gazeti hili linasomwa na watoto.

Mwisho akaiweka ile mita chini. "Mie siwezi kusema, Ishaka. Nimetoa ahadi. Nenda kamuulize mama Yasmin."

Mama Yasmin ndiye mke wangu.

Ndugu zangu, niliahidi kuungama, basi naungama. Kutoka Fordsburg hadi Mayfair si mbali, na njia nzima nilimwazia mke wangu mabaya. Nilikumbuka kila siku aliyokwenda sokoni akachelewa. Nilikumbuka baibui jipya la Idi aliloniambia kapewa na rafiki yake. Mwanamume gani ana ahadi na mke wangu, ahadi ambayo mimi siijui? Nilivuka kwenye robot, zile taa za barabarani, zikiwa nyekundu, na dereva mmoja wa teksi akanitukania mama yangu. Sikumsikia vizuri.

Ummi alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati. Yasmin alikuwa mezani na vitabu vyake vya shule, bado kavaa sare. Nikamwambia mtoto atoke. Ummi akaniangalia mara moja tu, akanawa mikono, akakaa.

"Abaki," alisema. "Umeshajua?"

"Nimejua kwamba nimeajiriwa. Nimekuja kuuliza na mke wangu ameajiriwa wapi."

Lilikuwa neno baya na lilimfikia. Macho yalimjaa maji lakini hakulia, na alipoanza kusema alisema mfululizo, bila kusimama.

Machi wakala wa nyumba alimwandikia barua. Mkataba wetu unakwisha mwisho wa Juni, na mkataba mpya hautolewi mpaka mpangaji alete karatasi za mshahara za miezi mitatu. Karatasi za nyumba siku zote nilimwachia yeye, mimi hazinihusu. Alinificha barua ile kwa kuwa ni wiki ileile niliyorudisha futari, na nyumbani nilikuwa sisemezeki. Akaenda kwa Khatibu.

Alikwenda kuomba mkopo. Khatibu akamwambia hawezi kumkopesha mke wa mtu kwa siri, na mume hawezi kumpa, kwa sababu mume mwenyewe amewarudishia watu futari mbele ya kaumu. Msaada wa kumvunjia mtu heshima si msaada, alisema. Ishaka tutamsitiri. Tutaufunika upungufu wake na yeye mwenyewe asijue.

Akamwandika kazini. Yaani mimi.

"Nilimwambia atoe karatasi tu, zile tatu, basi," Ummi alisema. "Hakutaka. Alisema karatasi ya uongo haitoki dukani kwake. Kama ni mshahara, basi uwe mshahara kweli, utolewe kila mwezi, ukatwe kinachokatwa, upelekwe kunakopelekwa. Nikampa nakala ya kitambulisho chako. Mshahara alikuwa ananipa mimi mkononi. Alisema wewe utaanza kazi siku roho yako ikikubali, na mpaka siku hiyo duka litangoja."

Nikauliza ni nini tulichokula.

"Vyote," alisema. "Nyama ya Idi. Koti la Yasmin. Hizo chapati. Fedha zako zilikuwa zinaishia kwenye kodi na umeme, baba Yasmin. Zilikuwa zinaishia hapo tangu Januari."

Kwa hiyo kule kubana matumizi nilikojisifia foleni nzima kulikuwa ni Khatibu.

Niliuliza kama hawakujua kwamba serikali inaweza kuyaona majina yote mawili. Hawakujua. Khatibu hajawahi kula UIF, na Ummi aliona hizi ni fedha za UIF na zile ni za duka, zitakutana wapi? Kila mwisho wa mwezi karani wa Khatibu alipeleka majina ya wafanyakazi wote, na langu ndani yake, kwa uaminifu kabisa. Angekuwa tapeli, angeniandikia karatasi tatu za uongo, tukapata nyumba, na mambo yangekwisha kimyakimya. Uaminifu wake ndio ulionichoma.

Nikamgeukia binti yangu. Yasmin ana miaka kumi na minne, amezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza. Nikamuuliza kama na yeye alikuwa anajua.

Alijibu bila kuinua macho. Alisema anajua tangu Machi. Akasema na watu wa msikitini wanajua, na mama zao rafiki zake wanajua, na kila mtu anajua, na wote waliambiana wasiseme kwa sababu baba yake angeumia.

Jamani. Miezi mitatu nimepita barabara za Mayfair kifua mbele, natoa salamu, naitikiwa kwa heshima zote, na kila aliyeniitikia alijua nakula kwa nani. Waliyemsitiri alikuwa mimi, na aliyekuwa hajui aibu yangu mji mzima alikuwa mimi peke yangu.

Nilisema maneno mengi jioni ile. Nilimwambia Ummi amenifanya mtoto. Nilimwambia kheri angeniacha nilale nje, nikajua nimelala nje. Alinijibu jambo moja tu, kwamba nisingelala nje peke yangu, ningelala na yeye na Yasmin. 

Jumatano sikula. Sahani ilipoletwa niliiona ya Khatibu, nikaisukuma. Alhamisi asubuhi pia niliisukuma. Alhamisi mchana njaa ilinishinda nikala, na nikaomba nyongeza. Hayo nayo niandike, kwa kuwa nimesema nitaungama yote.

Mambo yalikuwa wazi na yalikuwa mawili. Nikisema kweli, kwamba sikufanya kazi, mimi ni safi, fedha zangu zinarudi, miezi mitano iliyobaki nalipwa. Lakini wakaguzi wanaingia kwa Khatibu. Mfanyabiashara mgeni aliyepeleka jina la mfanyakazi hewa serikalini hapewi nafasi ya kueleza habari za sitara. Duka lile likifungwa, wafanyakazi wanne wanakuja kusimama nyuma yangu kwenye foleni. Na zile karatasi tatu zilizotupatia mkataba mpya wa nyumba, mkataba niliousaini wiki mbili nyuma nikashangaa wakala hakuniuliza lolote, zinakuwa karatasi za uongo.

Nikisema uongo, kwamba nilifanya kazi, duka linapona na nyumba inapona. Ila mimi ndiye mwizi. Nitadaiwa miezi mitatu, na fedha zilizokuwa zangu, zile pekee ambazo hakuna aliyenipa, zitaandikwa kuwa nilizikwapua.

Nilimuuliza Ummi angetaka nini. Alikuwa anakunja nguo.

"Sikuchagulii," alisema. "Nimeshakuchagulia mara moja na umeona."

Ijumaa asubuhi nilipita kituo cha polisi. Askari akanipa karatasi, nikaandika kwa mkono wangu kwamba mimi, Ishaka, nimefanya kazi ya kutunza stoo katika duka la Khatibu tangu Machi, nikalipwa, na nikaficha. Nikaapa. Akagonga muhuri.

Msinisifu kwa hilo, mmeshanisifu mara moja mkakosea. Sikufanya kwa wema. Njiani nilikuwa najisikia mkubwa. Nilikuwa nikiwaza jinsi Khatibu atakavyopokea habari, kwamba Ishaka amejitia kitanzi kwa ajili yake, kwamba safari hii msitiri ni mimi na msitiriwa ni yeye. Nilitaka aje kwangu ameinamisha kichwa. Miezi mitatu nimekula kwake bila kujua, basi na yeye ale kwangu, ajue, na imkwame kooni.

Saa nne kamili nilikuwa dirishani. Nomsa aliipokea karatasi, akaisoma. Alipofika chini akairudia kutoka juu.

"Una hakika, baba?"

Nikamwambia nina hakika, nimeapa.

"Eish," alisema, kwa sauti ndogo.

 Alifungua droo, akatoa karatasi nyingine yenye muhuri wa polisi wa leo hii, na akanionyesha nipite mlango wa pembeni. Nilipoingia, Khatibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na kanzu yake ya Ijumaa na koti juu, kofia mkononi. Alikuwa pale tangu saa mbili.

Nomsa alizipanga karatasi mbili mezani, moja ubavuni mwa nyingine, nami nikaisoma ya Khatibu. Aliandika kwamba mimi sijawahi kufanya kazi kwake. Kwamba jina langu alilitumia bila mimi kujua. Kwamba sikupokea senti. Kwamba kosa ni lake peke yake, na mimi nirudishiwe fedha zangu.

 Kama ningeandika ukweli, ule ukweli rahisi, mambo yangekwisha palepale kwa upande wangu. Yeye alishaubeba mzigo wote kabla sijaamka, na mimi nikaja mbio kuutupa chini.

Nomsa alivua miwani. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, sote tumwelewe, kwamba kosa la kujaza fomu vibaya angeweza kulieleza kwa wakubwa wake, amelieleza mara nyingi. Lakini hapa kuna viapo viwili vya polisi, na kimoja ni cha uongo. Kuapa uongo si jambo la ofisi yake tena, ni la mahakama. Anatakiwa apige simu sasa hivi, na angependa kujua amtaje nani kati yetu.

Nikamtazama Khatibu. Nilitegemea atanionea huruma, ndiyo tabia yake. Hakuwa na huruma. Tangu nimjue, tangu siku za godoro, sikuwahi kumwona amekasirika namna ile. Alizungumza Kiswahili, na alizungumza na mimi tu.

"Hata hili, Ishaka? Hata hili limekushinda kulipokea?"

 Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yakawa hayana kazi.

Mkono wa Nomsa ulikuwa tayari juu ya simu. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, maana Kiswahili hakijui.

"Baba," aliniuliza, "amesema nini?"